Kufuli Kuukuu za Seva Zetu

Mwananchi wa Magu, awe mkulima wa pamba au mvuvi wa Ghuba ya Speke, siku hizi hulipia huduma za Serikali kwa namba ya malipo, bila kupanga foleni benki. Ni maendeleo, wala hapana atakayeyakana. Lakini habari za fedha zile zikiisha kutoka mkononi mwake hupita njia asiyoiona, kutoka seva hata seva, na huko ngao yao kubwa ni kusimbwa, yaani kugeuzwa fumbo ambalo mwenye ufunguo peke yake aweza kulifumbua. Wazee wa Usukumani wangali wakisimulia jinsi mizani za wanunuzi wa pamba zilivyowapunja kabla ya vyama vya ushirika vya miaka ya 1950. Mizani zile walau waliziona kwa macho.

Fumbo hilo hufungwa kwa itifaki iitwayo TLS. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 1.2 mwaka 2008, na la 1.3 mwaka 2018. Matoleo 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi Machi 2021 kuwa hayafai tena.

Wako wasemao: tuyaache ya zamani pamoja na mapya, asifungiwe mtu nje. Hoja hiyo yavutia, lakini hatuikubali. Oktoba 2014 ilidhihirika kwamba mwizi akikaa kati ya pande mbili aweza kuyavuruga maamkizi yao, hata zikarudi kusemezana kwa SSL 3.0, itifaki ya mwaka 1996, ingawa zote mbili zaijua iliyo bora. Mlango wa uani ulioachwa kwa hisani ndio alioupitia.

Aprili mwaka huohuo ilifichuliwa dosari iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu ya kusimba itumiwayo na seva nyingi duniani. Mtu wa mbali aliweza kuipelekea seva neno fupi akidai kuwa ni refu, nayo ikamrudishia vipande vya kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, pengine pamoja na nywila na funguo zenyewe. Dawa ilitolewa tarehe 7 mwezi huo. Hata hivyo kuweka programu mpya hakukutosha: ilipasa huduma ziwashwe upya, funguo zibadilishwe, na vyeti vipya vitolewe. Aliyefanya la kwanza akaacha mengine alibaki na kufuli mpya ambayo ufunguo wake huenda ulikwisha ibwa.

Mwenye simu ya Android iliyo chini ya toleo la 5 ataumia, kwa kuwa simu hiyo kwa kawaida haitumii TLS 1.2. Huyo apewe habari miezi kabla, kwa Kiswahili, kwenye mbao za matangazo na redioni, wala asiachwe akidhani mtandao umekatika. Mwenye kitochi hana la kufanya. Kufuli yake imo mikononi mwa wenye seva.

Nao wanayo sheria juu yao: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yawataka wazilinde taarifa za watu. Yafaa basi kila taasisi iandike katika daftari seva zake zatumia toleo gani, na matengenezo yake yakoma lini. OpenSSL 1.1.1, kwa mfano, ilikoma kutengenezwa kwa ajili ya umma tarehe 11 Septemba 2023.