Kompyuta Haichimbi Mtaro

Tarehe 3 Disemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang katika Mkoa wa Manyara iliporomoka. Matope, mawe na magogo yalishuka hadi katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Taifa zima lilishikwa na huzuni, na misaada ikatolewa. Hilo ni jambo jema. Lakini kila msiba wa namna hiyo hutuachia suali lisilojibiwa kwa mablanketi na unga: je, haiwezekani kuujua udhaifu wa ardhi kabla haujaua?

Wapo watakaosema kwamba mvua ni kudra ya Mwenyezi Mungu na mja hana la kuhoji. Sisi hatuna shaka na kudra. Lakini sisi tuliosoma chuoni juu ya jamvi tulifundishwa pia kwamba kutawakali huja baada ya ngamia kufungwa. Kumfunga ngamia, katika jambo hili, ni kujua mteremko upi ni dhaifu na kwa sababu gani, kisha kuifanya kazi inayotakiwa.

Hapana budi tutazame mfano wa wakaazi wa visiwa wenzetu. Saint Lucia, katika bahari ya Karibi, ina eneo la kilomita za mraba 617, hata Pemba haifikii. Udongo wake mwingi umetokana na miamba ya volkano iliyooza. Mwaka 1938 maporomoko ya Ravine Poisson yaliua watu karibu 100. Pembezoni mwa mji mkuu, Castries, watu wa kipato kidogo wamejenga juu ya miteremko mikali, kwani ardhi tambarare ni chache na bei yake hawaiwezi.

Kuanzia mwaka 2004, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, Malcolm Anderson na Elizabeth Holcombe, walishirikiana na watumishi wa serikali ya kisiwa hicho katika mpango uitwao MoSSaiC. Chombo chao kimojawapo kilikuwa programu ya kompyuta iitwayo CHASM, inayouiga mteremko kwa hesabu.

Kazi ya programu hiyo yaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Mteremko hugawanywa kwa hesabu katika vipande vidogo vidogo. Kila kipande hupewa sifa za udongo wake: jinsi unavyoshikamana na jinsi unavyopitisha maji. Kisha mteremko huo hunyeshewa mvua ya hesabu, saa baada ya saa, na kompyuta huyafuata maji yanavyozama na kuujaza udongo. Kadiri maji yanavyojaa ndivyo udongo unavyopungukiwa na nguvu. Mwishowe nguvu zinazouzuia udongo hugawanywa kwa nguvu zinazouvuta chini. Jawabu likizidi moja, mteremko husimama. Likipungua moja, huanguka. Hesabu hurudiwa kwa mvua ndogo na kubwa, kwa mteremko wenye mitaro na usio na mitaro, na tofauti huonekana.

Kilichodhihirika ni kwamba mvua haina hatia peke yake. Nyumba zilizosongamana zina mapaa ya bati yasiyo na milizamu, na maji yote ya paa humwagika mahali pamoja. Mabomba huleta maji mlimani, lakini hapana mtaro wa kuyatoa. Maji ya kufulia, ya kuogea na ya vyoo vya shimo huingia katika udongo uleule, kiangazi na masika.

Na mambo hayo kompyuta haikuyajua yenyewe. Ilibidi mafundi watembee mlimani pamoja na wakaazi, nyumba kwa nyumba, na kuuliza: maji hutokea wapi baada ya mvua? Ukuta ulipasuka lini? Kwa hakika mama anayefua nguo pale kila siku ana habari ambazo hazimo katika ramani yoyote ya serikali. Alilolisema likaingizwa katika ramani, na ramani ikaongoza hesabu.

Jawabu la hesabu lilikuwa mitaro ya kuyakatiza maji mteremkoni, milizamu ya mapaa na mabomba ya kuyatoa maji ya nyumbani. Wakaazi wenyewe waliajiriwa kuijenga. Mwishoni mwa Oktoba 2010 Kimbunga Tomas kilipita kisiwani, na baadhi ya vituo vikapima zaidi ya milimita 500 za mvua kwa muda wa saa 24. Maporomoko yaliua watu katika sehemu nyingine za kisiwa. Kwa taarifa za waliousimamia mpango, miteremko iliyokwisha kujengewa mitaro ilisimama.

Tusijidanganye kwamba dawa hii hutibu kila ugonjwa. Mtaro wa kijiji hauwezi kuuzuia mlima mzima kama Hanang. Huko usalama ni kujua njia ambayo matope yatapita na kutojenga ndani yake. Wala kompyuta haizidi ukweli wa vipimo ilivyopewa. Ikilishwa makisio, hutoa makisio yaliyopambwa kwa rangi.

Sisi wa Unguja na Pemba hatuna milima ya volkano. Lakini Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na Unguja inayo maeneo ya bondeni ambayo maji hutuama kila masika. Suali la Saint Lucia ni letu pia: maji yanakwenda wapi?

Kwa watendaji wa serikali tunasema: utafiti unaoishia kabatini haujamwokoa mtu. Kompyuta haichimbi mtaro. Fedha za kupima ziambatane na fedha za kujenga na za kuzibua, na sheha na watu wake waulizwe kabla ya mchoro kutiwa saini, si baada yake. Aidha, mtu aliyejenga mahali pa hatari kwa sababu ya ufukara asitendewe kama mkosaji.

Kwa wananchi wenzetu tunasema: serikali haitamwekea kila mtu mlizamu wa paa lake. Mvua itakaponyesha, kila mmoja wetu na atoke barazani atazame maji ya paa na ya karo lake yanateremkia kwa nani. Anayekaa juu humaliza kuoga akasahau. Anayekaa chini ndiye anayelala na ufa ukutani mwake. Maji hayo yana mwenyewe, na mwenyewe ni sisi.