Nani anawalipa wakulima vizuri zaidi ili wapande miti?

Lubumbashi inapikia makala. Kila alfajiri, barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi hujaa baiskeli zilizobebeshwa magunia marefu kuliko wanaozisukuma, na bila mbabula hakuna bukari. Misitu ya miombo inazidi kusogea mbali na mji. Serikali impe nini mwenye shamba ili apande badala ya kukata? Nchi nyingine zimejibu, na baadhi zimevunja rekodi.

Kwa ukubwa, hakuna anayeifikia China. Tangu 1999 serikali yake imewapa mamilioni ya wakulima nafaka, fedha na miche ili waache kulima miteremko na kuirudisha kuwa msitu.

Kwa kelele, bingwa ni Ethiopia, iliyotangaza kwamba ilipanda zaidi ya miche milioni 350 kwa siku moja tu, 29 Julai 2019. Kenya inalenga miti bilioni 15 ifikapo 2032, na 13 Novemba 2023 iliwapa watu likizo ili wapande. Kongo nayo ilijiwekea miti bilioni moja kufikia 2023. Mimi rekodi hizi sizishangilii sana: mche uliopandwa leo bado haujaonja kiangazi.

Kwa ukali, zawadi iende Uganda. Mpango wake wa ruzuku kwa miti ya mbao, ulioanza 2004 na kufadhiliwa na Umoja wa Ulaya na Norway, ulirudisha takriban nusu ya gharama, lakini kwa awamu, na baada ya wakaguzi kufika shambani. Palizi mbovu, hakuna malipo. Hapo kilicholipiwa ni mti uliosimama.

Kwa wapika makala, rekodi ya Kongo iko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa: takriban hekta 8,000 za akasia zilizopandwa kati ya 1987 na 1993, kisha zikagawiwa familia zaidi ya 300, hekta 25 kila moja. Mkulima hukata kipande, huchoma makala, kisha hupanda mahindi na muhogo. Moto wa kusafisha shamba huziamsha mbegu za akasia zilizolala ardhini. Miche huota katikati ya muhogo na kurutubisha udongo. Muhogo ukishang'olewa, msitu tayari umeanza.

Haki pana kwenye karatasi nayo tunayo. Ardhi ni mali ya Serikali tangu sheria ya 1973, lakini amri ya 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Asiyejua kama shamba litabaki lake hapandi mti wa kuvunwa na wajukuu.

Ila njia ya bei nafuu kuliko zote haihitaji hata kitalu. Kisiki cha miombo huchipua chenyewe kikikingwa na moto wa Agosti na Septemba. Jimbo likipata fedha ya kuanzia, lisianze na sherehe ya kupanda miche. Liwalipe wanavijiji wa barabara ya Kasenga wafyeke njia za kuzuia moto, na liwalipe mwaka unaofuata kwa visiki vitakavyokuwa bado vimechipua.