Kilichomo Ndani ya Chai ya Mama

Mama alichuma chai Rungwe miaka mingi, kikapu mgongoni. Nikimfuata shambani alinikanya kila mara: majani mawili na chipukizi, basi, jani lililokomaa liache. Sehemu ya sababu niliielewa nikiwa chuoni Iringa, wiki tuliyotoa kafeini kwenye chai. Mchai hurundika kafeini kwenye majani machanga, kwa sababu ndiyo laini na wadudu huyatamani. Kwao kafeini ni sumu.

Tulipima gramu 25 za chai ya Mufindi, tukaichemsha kwa maji yenye kabonati ya sodiamu, ambayo ni jamaa ya karibu ya magadi ya jikoni. Kazi yote inategemea hiyo. Maji ya moto huitoa kafeini, lakini hutoa pia tanini, zile ziletazo ukakasi mdomoni. Tanini zina uasidi. Zikikutana na kabonati hugeuka chumvi na kubaki majini. Kafeini haibaki. Ukiongeza dikloromethani, kimiminika kisichochangamana na maji na kizito kuyazidi, kafeini huhamia huko.

Mara ya kwanza niliitikisa funeli ya kutenganishia, yenye koki chini, kwa nguvu, nikiamini nitaitoa yote. Matabaka mawili yakavurugana yakawa kama uji wa kahawia, nikakaa karibu saa nzima nikisubiri yaachane. Mara ya pili niliiyumbisha taratibu, kama abembelezwavyo mtoto. Mstari ukajichora katikati, chai juu, kimiminika angavu chini. Nikafungua koki.

Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 tu, nasi tuliivukiza chini ya feni ya kuvuta hewa, maana mvuke wake unadhuru. Kikabaki kiganda cha kijani, gramu 0.3 hivi.

Mjerumani Runge aliipata kafeini mwaka 1819 kutoka punje za kahawa alizopewa na Goethe. Naamini naye alishika pumzi kama mimi pale tulipoanza kuisafisha. Ikipashwa moto polepole, karibu nyuzi 178, kafeini hugeuka mvuke bila kupitia umajimaji, na uchafu hubaki chini. Juu yake tuliweka gilasi yenye maji baridi. Kwenye kitako cha gilasi zikaota sindano nyeupe, nyembamba kuliko unywele. Tulipozipima ziliyeyuka kwenye nyuzi 235, mahali pake hasa.

Likizo nilimsimulia mama. Nikamwonyesha kidonge cha maumivu ya kichwa chenye miligramu 65 za kafeini, kimeandikwa pembeni mwa pakiti. Akakigeuzageuza kiganjani.

“Mwanangu, siku niliyochuma kilo arobaini, humo ilikuwamo kiasi gani?”

Kilo 40 za majani mabichi hutoa kama kilo 8 za chai kavu. Nikamjibu: gramu 200 na ushei, mama. Vidonge zaidi ya elfu tatu.

Akaninyoshea kiganja. “Andika hiyo hesabu hapa.”