Jeki ya Trela na Usalama wa Mkulima

Mkulima anayechukua mazao yake kwa trela hununua matairi na mbao za sakafu kwa uangalifu mwingi, lakini jeki aghalabu huiazima kwa jirani, au hutumia ile iliyotoka katika motokaa ndogo. Desturi hii ni ya hatari. Jeki ya motokaa ndogo haikutengenezwa ili iinue magunia ya mahindi, na ikishindwa haitoi habari mapema. Mzigo huanguka mara moja, na aliye chini yake hapati nafasi ya kukimbia.

Jeki huchaguliwa kwa hesabu, wala si kwa macho. Tuchukue trela ya magurudumu mawili yenye uzito wa kilo 500, iliyopakiwa magunia 20 ya mahindi ya kilo 90 kila moja. Magunia ni kilo 1,800, na jumla yote ni kilo 2,300. Mzigo ukipangwa vizuri, kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo hulala juu ya mkono wa kuvutia, yaani kilo 230 hadi 350 hivi. Uzito unaobaki huchukuliwa na magurudumu, na kila moja hubeba karibu kilo 1,000. Tena kuna trela za trekta ambazo mkono wake umekusudiwa kubeba zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwenye trela anahitaji jeki mbili. Ya kwanza ni jeki ya mguu, ifungwayo kwenye mkono wa trela. Hiyo huushikilia mkono huo trela inapofunguliwa kutoka kwa trekta. Ndani yake mna parafujo: mpini huzungushwa mara nyingi na mguu hushuka kidogo kidogo, na ndiyo sababu mtu mmoja huweza kuinua uzito ambao watu wanne wasingeuweza. Kwa trela ya mfano wetu, usikubali iliyoandikwa chini ya kilo 500. Shambani chagua yenye bamba pana chini, maana kijigurudumu hufaa sakafu ya saruji tu, udongoni huzama.

Ya pili ni jeki ya kubadilishia gurudumu. Nyingi ni za mafuta, zenye umbo la chupa, na nguvu yake imeandikwa ubavuni. Ijapokuwa gurudumu letu hubeba karibu tani 1, ni busara kununua ya tani 3, kwa sababu mzigo haulingani pande zote, na njia ya shamba si sakafu ya karakana.

Kabla ya kuinua, simamisha trela mahali palipo sawa, ikiwa imefungwa kwenye trekta, na breki ya trekta imekazwa. Tia kabari mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Legeza nati wakati gurudumu lingali chini. Weka jeki juu ya ubao mnene, hasa katika udongo mweusi wakati wa mvua, kisha inua kwa kuielekeza chini ya ekseli karibu na gurudumu, wala si chini ya sakafu ya trela. Ekseli ikifika juu, panga magogo magumu kwa kupishana chini yake, uishushe ikae juu ya magogo hayo. Usitumie matofali, maana hupasuka ghafla. Wala mtu asiingize kichwa au mkono chini ya mzigo ulioshikwa na jeki peke yake.

Ya kukumbuka pia ni kwamba trela ya magurudumu mawili ikipakuliwa mbele kwanza, uzito wa nyuma huweza kuurusha mkono juu. Basi usiifungue kutoka kwa trekta kabla haijapakuliwa yote, isipokuwa umeegemeza nyuma yake vilevile. Na baada ya kuifunga tena, pandisha mguu wa jeki mpaka mwisho na utie pini yake. Mguu ulioachwa chini hugonga mawe njiani ukapinda.

Parafujo ipakwe grisi. Jeki ya mafuta isimamishwe wima, na ikionekana kuvuja au kushuka yenyewe chini ya mzigo, isitumike mpaka itengenezwe. Pale ambapo trela ni mali ya chama cha ushirika, yafaa karani aandike katika daftari la vifaa nguvu ya kila jeki na tarehe iliyokaguliwa, na nambari hiyo ipakwe rangi nyeupe kwenye trela yenyewe. Kwa njia hiyo hata kijana aliyeajiriwa jana ataijua jeki ipasayo kabla hajainua kitu.