Kaye ya depo njo inalinda feza ya kooperative mbele ya impo



Kila mwaka, mwezi wa tatu ukifika, wa papa prezida na wa mama kontable wanaanza kutuuliza ulizo moja: "Sisi ni wakulima, hatuna faida kubwa. Juu ya nini Leta inatuomba impo sawa wachuuzi wa muji?" Ulizo ni la maana. Lakini mara nyingi, tukifungua vitabu pamoja nao, tunakuta jibu ndani ya kaye ya depo, si ndani ya ofisi ya DGI. Katika ukurasa huu tunaeleza ginsi kooperative inaweza kulipishwa impo juu ya feza ambayo haikubaki kwake, na kazi ya kufanya mbele ya tarehe 30 mwezi wa nne.

Feza inayopita na feza inayobaki

Kooperative inauza kwa jina lake, lakini sehemu kubwa ya feza inapita tu kwake. Inaingia kutoka kwa muteja, inatoka kwenda kwa wanamemba walioleta mazao. Impo juu ya faida inaomba 30% ya kile kinachobaki kisha kutosha gharama zote. Haiombi 30% ya mauzo yote. Shida ni kwamba gharama isiyo na karatasi, mbele ya ajenti wa impo, ni kama gharama isiyofanyika.

Tufanye hesabu. Tuseme kooperative ya kahawa imeuza kwa mwaka muzima 200.000.000 FC. Imelipa wanamemba 150.000.000 FC kwa ajili ya serize zao. Imetumia 35.000.000 FC kwa gari, mifuko, mazutu ya mashini na mishahara. Kinachobaki ni 15.000.000 FC. Impo ya 30% ni 4.500.000 FC.

Sasa tuseme kooperative ileile ililipa wanamemba sawasawa, lakini karatasi zenye sahihi zinaonyesha 60.000.000 FC tu. Zingine zililoana na mvua, zingine hazikuandikwa juu watu walikuwa wengi siku ile. Kwa ajenti, faida inakuwa 105.000.000 FC, na impo inakuwa 31.500.000 FC. Tofauti ni 27.000.000 FC. Kama kooperative iko na wanamemba 300, ni 90.000 FC kwa kila mmoja. Hakuna aliyeiba. Kahawa ni ileile, bei ni ileile. Kilichokosa ni karatasi.

Na kama kooperative haikupeleka deklarasiyo, ao haina vitabu vyovyote, sheria inaruhusu ofisi ya impo kukadiria yenyewe. Kwenye barua mutaona maneno "taxation d'office". Hapo ni kooperative njo inapashwa kuonyesha kwamba hesabu ile si ya kweli, na bila kaye ni vigumu sana.

Vitu vya kuandika kila siku ya kupima

Kwa kila mutu anayeleta mazao, andikeni: tarehe, jina na nimero ya mwanamemba, kilo, bei ya kilo moja, feza aliyopewa, na sahihi yake. Asiyejua kuandika atie kidole. Tumieni karatasi za aina mbili, moja abaki nayo mwanamemba, ingine ibaki depo.

Kama mumemupa avansi kwanza na mutamumalizia kisha kuuza, andikeni malipo yote mawili kila moja na tarehe yake. Tumeona kooperative nyingi zinaandika avansi muzuri, lakini malipo ya mwisho yanafanyika siku ya mukutano, kwa mukono, bila kitu chochote kwenye kitabu.

Kama munalipa kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, andikeni nimero ya operasiyo pembeni ya jina. Ujumbe ukifutika kwenye simu, nimero inabaki kwenye kaye.

Jambo lingine: andikeni jina la mutu aliyeleta mazao kweli. Mahali pengi mama njo analima, anavuna, anabeba mpaka depo, lakini kwenye kaye kunaandikwa jina la bwana. Siku ya kugawa ristourne, ni bwana anayeitwa. Na siku ya kontrole, sahihi ya mama haifanane na jina lililoandikwa, na karatasi inakataliwa. Mama akiwa mwanamemba kwa jina lake, anapata haki yake, na kooperative inapata karatasi inayosimama.

Kwa gharama ndogo, kama mwenye pikipiki ao mubebaji asiye na fakture, tengenezeni karatasi yenu ya kutosha feza: jina lake, simu yake, kazi aliyofanya, feza, sahihi. Feza inayotolewa kwenye bariere bila resu haina karatasi. Muombe resu kila mara, hata kama munajua jibu litakuwa gani.

Sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu iliingia tarehe 12/09/2012, inaomba vitabu na karatasi za hesabu vichungwe miaka 10. Tafuteni sanduku la chuma ao malle inayofungwa, mbali na mvua na panya. Kaye ikae kwa kooperative, si nyumbani kwa kontable. Kontable akihama, kaye isihame naye.

Kooperative ndogo iko wapi?

Si kila kooperative inafanya hesabu ya 30%. Kuna sheria ya biashara ndogo, Ordonnance-loi no. 13/006 ya tarehe 23/02/2013. Ilipotoka mwaka wa 2013, ilipanga hivi:

- Mauzo ya mwaka hayapiti 10.000.000 FC: impo ni 50.000 FC kwa mwaka.
- Mauzo yanapita 10.000.000 FC lakini hayafike 80.000.000 FC: 1% ya mauzo kama munauza vitu, 2% kama munauza kazi, kwa mufano kusagia watu mahindi.
- Kuanzia 80.000.000 FC: hapo njo munaingia katika impo juu ya faida, na pia TVA ya 16%. Lakini mazao yanayouzwa inje ya inchi yanahesabiwa kwa TVA ya 0%.

Kila mwaka sheria ya feza ya Leta inaweza kubadilisha kiwango fulani. Mbele ya kulipa, muulize kwenye ofisi ya DGI kiwango cha mwaka ule, na muombe mutu awaonyeshe maandiko.

Muangalie pia mwaka wa mavuno mazuri. Bei ya kahawa ao ya kakao ikipanda, kooperative inaweza kuvuka 80.000.000 FC bila kuongeza hata kilo moja. Kontable afanye jumla ya mauzo kila mwisho wa mwezi, ili komite ijue mapema.

Tarehe za kushika

Siku ya 15 ya kila mwezi: kama munalipa mishahara, munapeleka deklarasiyo ya impo ya mishahara ya mwezi uliopita. Ni impo inayokatwa kwenye mushahara wa mutumishi, ni feza yake, si feza ya kooperative. Kuitumia kununulia mifuko ni deni. Wanaolipa TVA nao wanapeleka siku ileile.

CNSS: kooperative inatoa 13% ya mushahara, mutumishi anatoa 5%. Mulinzi wa depo na mupimaji wa mushahara wa kila mwezi nao ni watumishi.

Tarehe 30 mwezi wa nne: deklarasiyo ya impo juu ya faida ya mwaka uliopita. Sheria ya kooperative ya OHADA inaruhusu mukutano mukubwa wa kukubali hesabu ufanyike ndani ya miezi 6 kisha mwaka kuisha. Wengi wanangojea mwezi wa sita. Sisi tunawaomba muufanye mwezi wa tatu. Hivi wanamemba wataona hesabu mbele ya DGI, na kama kuna jina lililosahauliwa, litarekebishwa mapema. Katika mukutano ule mutaamua pia sehemu ya akiba ya kooperative, akiba ya mafundisho, na ristourne. Liste ya ristourne iandikwe kwa kufuata kilo za kila mutu na itiwe sahihi.

Kutokulipa si sababu ya kutokudeklare. Mwaka ambao vita ao ugonjwa wa mimea vimezuia mauzo, pelekeni deklarasiyo inayoonyesha sifuri, na muombe muhuri kwenye kopi yenu. Kimya njo kinaleta amande.

Ajenti akifika kwenye depo

Mumupokee kwa heshima, mumupe kiti, kisha muombe karatasi mbili: karatasi yake ya kazi, na "ordre de mission" yenye jina lake, jina la kooperative yenu na tarehe. Kuomba karatasi ile si kukosa adabu. Anayefanya kazi ya Leta anaibeba.

Kisha muulize takse ile inatoka katika sheria gani. Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema impo inawekwa na sheria tu, na pia kwamba kutoa muchango kwa Leta ni wajibu wa kila mutu anayeishi katika inchi. Takse za Leta kubwa ziko kwenye liste ya Ordonnance-loi no. 18/003 ya tarehe 13/03/2018. Zile za provinsi, za sheferi na za sekta ziko kwenye no. 18/004 ya tarehe ileile. Tunashauri kila inio ya kooperative iwe na kopi moja ya liste hizo. Mutu akiomba takse ambayo haimo, mumuambie kwa upole aandike ombi lake na kutia sahihi. Wengi hawarudi.

Impo ya DGI inalipwa benki, na ya DGRAD inalipwa kwa kufuata "note de perception". Musitoe feza mukononi mwa mutu. Bordero ya benki muitie ndani ya sanduku pamoja na deklarasiyo yake.

Kazi ya mwezi huu

Kabla mwezi haujaisha, komite ikae siku moja na kontable. Muhesabu jumla ya mauzo ya mwaka uliopita. Muhesabu karatasi za wanamemba zenye sahihi. Jumla hizo mbili zikiachana sana na kile munachojua mulilipa, mutangaze kwenye kanisa, kwenye musikiti na sokoni kwamba kila mwanamemba alete nusu yake ya karatasi. Ile aliyochunga nyumbani ina nguvu sawa na ile iliyopotea depo.

Musimu mupya wa kupima utaanza bila kungoja. Siku ya kwanza, kalamu na karatasi za aina mbili ziwe juu ya meza pembeni ya balance, na mupimaji asifungue mufuko wa pili mbele ya kuandika wa kwanza.