Tulipoulizwa Mtoto Amevaa Nini: Safari ya Familia Hadi Kalambo



Ndugu msomaji, mtoto aliyezaliwa Sumbawanga leo huijua Dar es Salaam kwa televisheni, na Dubai huijua kwa simu ya mama yake. Lakini mwulize habari za mto ulioko katika mkoa wake mwenyewe, naye atakutazama tu. Kosa si lake, kwa maana hapana aliyempeleka.

Sisi tuandikao ni wahudumu wa kamati ya msikiti mmoja hapa mjini. Vikao vyetu, kama vikao vya kamati nyingi, huzungumzia paa linalovuja, vipaza sauti, posho za walimu wa madrasa na maandalizi ya Ramadhani. Habari ya watoto wadogo na baba zao haikuwahi kuwa ajenda. Iliingia siku moja kwa mlango wa madrasa. Ustadhi alitueleza kwamba aliwataka watoto wa darasa la chini wataje, mmoja mmoja, jambo walilolifanya pamoja na baba zao katika wiki ile. Wengi walinyamaza. Baadhi walitaja jambo walilolifanya na mama. Mmoja alisimama akasema: "Baba alinipa shilingi mia mbili."

Kikao kilicheka, kisha kikanyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa akijiuliza mwanawe angejibu nini.

Hoja za wazee

Ndipo likaja pendekezo kwamba familia zitoke pamoja kwa siku moja, baba, mama na watoto, ziende kuona maporomoko ya mto Kalambo. Halikupita kirahisi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba fedha za msikiti ni amana, si za kutembelea. Mwingine aliona kuwa matembezi ni mambo ya watu wasio na shughuli, na kwamba mtoto afunzwe Qur'ani kwanza, mengine yatafuata.

Hoja ya kwanza tuliikubali mara moja, na ni haki yake. Hatukuchukua hata senti moja ya msikiti. Kila familia ilijilipia nauli na chakula, na mfanyabiashara mmoja akazilipia familia mbili zisizo na uwezo kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Hoja ya pili ilijibiwa na imamu, tena kwa upole. Alitukumbusha habari ya Al-Aqra' bin Habis, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hassan, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja wao. Mtume alimjibu kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Alitukumbusha pia namna Mtume alivyorefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachelea kumharakisha. Alivyosali huku amembeba Umama, binti wa Zainab. Na alivyompoza mtoto mdogo, Abu Umair, aliyehuzunika kwa kufiwa na ndege wake. "Huyu," alisema imamu, "ndiye aliyebeba Ujumbe kwa walimwengu wote. Je, shughuli zetu za dukani ni nzito kuliko zake?"

Mzee wetu alitabasamu, akasema: "Basi nami mniandike. Nina wajukuu watatu."

Njiani kuelekea Matai

Tuliondoka Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Anayeijua Ufipa anaijua Juni. Mji wetu uko juu sana, na alfajiri ya majira hayo upepo hupenya hata blanketi. Watoto walikuja wamefungwa kanga na masweta hadi puani, na kina mama wamebeba chupa za chai, chapati, viazi vitamu vya kuchemsha na mayai. Tulikuwa watu 41 katika gari moja la abiria tulilolikodi, na zaidi ya nusu yetu walikuwa watoto. Tulisoma dua ya safari kwa sauti, wadogo wakiitikia.

Barabara ya lami ielekeayo Matai na bandari ya Kasanga hupita katika nchi ya vilima vya nyasi, yenye miti michache. Huku nyuma, upande wa mashariki, tuliiacha milima ya Mbizi, ambako msitu uliobakia ungali makao ya mbega wekundu. Mzee wetu aliyeipinga safari ndiye aliyegeuka mwalimu wa gari zima. Aliwaonyesha watoto mashamba yenye matuta ya mviringo, yale yanayoitwa intumba kwa Kifipa, ambamo mkulima hufukia majani yaoze yawe mbolea kabla ya kupanda. Aliwaambia kwamba mababu wa Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri, waliojenga matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu na kuyeyushia humo mawe ya chuma.

Kijana mmoja wa darasa la tano akauliza swali ambalo watoto wetu huulizwa kila waendapo mikoa mingine: "Babu, ni kweli kwamba Sumbawanga ni mji wa wachawi?" Mzee hakukasirika. Alimweleza kwamba jina lenyewe, kama linavyofasiriwa na Wafipa, linamtaka mtu autupe uchawi wake kabla ya kuingia. "Sasa wewe Mwislamu unayejua kwamba hakuna adhuruye wala anufaishaye ila Mwenyezi Mungu, mji unaoamrisha uchawi utupwe wakutisha nini?" Tangu hapo hatujawasikia watoto wale wakilionea haya jina la mji wao.

Maji yanayoanguka

Ukiisha kupita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, huiacha lami na kushika njia ya vumbi iendayo kijiji cha Kapozwa. Eneo la maporomoko liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na huingiwa kwa kiingilio. Mto Kalambo wenyewe ndio mpaka: upande huu Tanzania, upande wa pili Zambia. Hapo mto hujitupa bondeni kwa mkupuo mmoja, zaidi ya mita 200, kisha huendelea na safari yake hadi Ziwa Tanganyika. Ili msomaji apate kulinganisha, maporomoko ya Victoria yanayosifika duniani kote yana kimo cha mita 108 hivi. Kwa kimo, haya ya kwetu ni mara mbili.

Katika genge lile hutaga korongo, na ukisimama juu unawaona wakiruka chini yako, jambo ambalo mtoto hajazoea, kumwona ndege kwa mgongo. Binti mmoja mdogo alitazama ng'ambo akauliza: "Na wale wa kule nao wanasali?" Mama yake akamjibu kwamba naam, wako wanaosali, na kibla chao ni hiki hiki chetu.

Tuliwaeleza wakubwa kidogo kwamba mwaka 2023 wataalamu walitangaza kupatikana, karibu na maporomoko haya kwa upande wa Zambia, magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, ambayo walikadiria umri wake kuwa ni miaka 476,000 hivi. "Nani aliyeyachonga?" waliuliza. Tukawajibu kwamba wataalamu wanaendelea kuchunguza, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Qur'ani inatutaka tutazame jinsi mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimikwa na ardhi ilivyotandazwa. Na kutazama, ndugu msomaji, hakufanyiki ndani ya nyumba.

Robo saa tusiyoisahau

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuishike kalamu. Tulipoteremka garini tulikubaliana kuhesabu watoto kabla ya kuziendea ngazi zinazoelekea kwenye genge. Hesabu ilipungua mtoto mmoja. Tulihesabu tena, ikapungua vile vile. Alikuwa mtoto wa kiume wa miaka minne, na alikuwa wetu sisi tuandikao.

Mama yake alidhani yuko na baba yake. Baba alidhani yuko na mama. Shangazi alidhani yuko na wenziwe wa madrasa. Kila mtu alikuwa na dhana, na hakuna aliyekuwa na mkono wa mtoto mkononi mwake. Ngurumo ya maji ilikuwa ikisikika pale tuliposimama, na hatuna haja ya kumweleza mzazi ngurumo ile ilitusemesha nini.

Mhudumu wa hifadhi alikuja mbio, akatuuliza swali jepesi kuliko yote: "Amevaa nguo gani?"

Hatukujua. Tulikuwa tumekaa naye kiti kimoja tangu alfajiri, tumemnywesha chai, tumemfunga kamba za viatu, nasi hatukujua amevaa sweta la rangi gani. Njia nzima macho yetu yalikuwa kwenye simu, tukijibu ujumbe wa watu wa mbali kuhusu michango ya safari ile ile. Mama yake ndiye aliyejibu kwa sauti ya kutetemeka: sweta la kijani, kofia nyeupe, viatu vya buluu.

Wanaume walishuka kuelekea gengeni, kina mama wakatawanyika vichakani wakiita. Baada ya kama robo saa, mzee wetu, yule yule, akapaza sauti kutoka nyuma ya gari. Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya dereva aliyekuwa akikagua gurudumu, akimwuliza kwa nini gurudumu lina meno. Dereva hakujua kwamba kuna anayetafutwa, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumwuliza.

Tulimbeba. Yeye alishangaa tu kutuona tukilia. "Baba, nilikuita uje uone," alisema, "hukusikia."

Maneno hayo tumekuwa nayo tangu siku ile. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tulikuwa tukilisoma fundisho hilo katika khutba na kulifasiri kwa ada za shule, chakula na mavazi. Siku ile tuliulizwa hapa hapa duniani, na swali lilikuwa dogo mno, rangi ya sweta tu, nasi tukakosa jibu.

Tuliyojifunza

Adhuhuri na alasiri tulizisali pamoja kwa kuzipunguza, kwa ruhusa aliyopewa msafiri, tukiwa tumetandika mikeka kwenye nyasi. Kisha tukala. Mchana ule tuliona jambo ambalo hatukulipanga: simu zilikaa mifukoni. Baba waliwashika watoto mikono kuteremka na kupanda ngazi, na mmoja wao alikiri kwamba ni mara ya kwanza kujua kuwa binti yake huogopa kimo. Kwa familia zitakazopenda kufanya safari kama hii, yako machache tunayoyausia.

Kwanza, kila mtoto mdogo apewe mtu mmoja mzima kwa jina, na mtu huyo asimkabidhi mwingine ila kwa kutamka: "Namkabidhi kwako." Dhana ndiyo iliyotuponza.

Pili, watoto wavalishwe kitu cha rangi moja inayoonekana kwa mbali, na baba akitazame kabla ya kuondoka.

Tatu, dereva ni mmoja wa msafara. Ahesabiwe, aelezwe, na apewe chakula pamoja na wengine.

Nne, msiwapeleke watoto kuoga katika maji msiyoyajua. Wapo wanaofikiria kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda Ziwa Rukwa, na ni safari nzuri, lakini ziwa lile lina mamba na viboko.

Tano, si lazima iwe Kalambo. Familia isiyo na nauli yaweza kutembea kwa miguu kuelekea vilima vya Mbizi asubuhi ya Jumapili na kurudi kabla ya adhuhuri, kwa gharama ya chupa ya chai. Mtoto hatakumbuka kilometa, atamkumbuka aliyekuwa naye.

Tulirejea mjini baada ya magharibi, watoto wakiwa wamelala mapajani mwa wazazi na vumbi jekundu kwenye kope zao. Jumatatu iliyofuata ustadhi aliwauliza tena swali lake la zamani. Tunaambiwa kwamba siku hiyo somo la tajwidi lilichelewa kuanza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na jambo la kusimulia.

Kikao kilichofuata, mzee wetu aliomba safari ya familia iwekwe katika kumbukumbu za kamati kuwa ya kila mwaka, na sisi makatibu tukaiandika. Chini yake, kwa mwandiko huo huo, tukajiandikia neno moja ambalo halikuwa la kikao: sweta la kijani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kiburudisho cha macho yetu, na ayafanye macho yetu yawaone.