Picha Kali, Albamu Imechakaa? Shika Kishikwambi!

Mshikaji unayepiga picha za harusi, bado unaombea kazi kwa bahasha ya picha zilizojikunja kona? Pole! Wenzio wanatembea na kishikwambi, kama kile walichobishia hodi makarani wa sensa mwaka 2022. iPad ya kwanza ilitoka 2010. Ile ya 2012 ikaja na kioo cha nukta 2048 kwa 1536, mara nne ya mwanzo, ushanga wa bibi harusi ukahesabika mmoja mmoja.

Ila chunga! Ukimkabidhi mteja, kidole chake hakitulii. Atasukuma weee, mpaka akutane na picha zako za chumbani, au meseji ya “bebi uko wapi” idondoke juu ya kioo mama mkwe akitazama. Kazi imeota mbawa hiyo! Tenga albamu moja, picha 20 tu za nguvu, zako binafsi ziondoe kabisa, na intaneti zima.

Mengine ni ya kawaida: kuandika ankara, ramani ya kwenda ukumbini, tamthilia usiku (na wadogo zako watakigombania, jiandae). Juani kioo kinageuka cha kujitazamia, kwa hiyo mteja mvute kivulini kwanza.